Kuza Picha, Mtaalamu

Wiki iliyopita niliwaacha nimekaa mbele ya kompyuta, nimevaa koti jeupe na miwani ya vioo vitupu, huku mwongozaji akinipigia kelele nibonyeze kwa kasi zaidi. Kwa anayenisoma leo kwa mara ya kwanza: naitwa Elinami, mtoto wa Same, mwanafunzi wa mwaka wa tatu hapa Guangzhou kwa ufadhili wa serikali. Ninachosomea ni upakaji rangi vitambaa. Rangi. Likumbukeni neno hilo, maana kabla ukurasa huu haujaisha litakuwa limeniumbua.

Kompyuta naijua kama mnavyoijua ninyi. Nafungua barua pepe, nangoja, nasinzia, inafunguka.

Basi nikiwa natafsiria wafanyabiashara kwenye maonyesho ya Pazhou, mama mmoja wa televisheni aliniona mrefu, mwembamba, mnyamavu, akaamua kwamba sura yangu ni ya mtaalamu. Wana tamthilia yao ya polisi, kila wiki kesi mpya. Wakanipa kuwa bingwa wa kompyuta kutoka ng'ambo, yule anayeitwa polisi wakishakwama.

"Hii kibodi haijaunganishwa," nilimwambia mwongozaji.

"Najua. Wewe bonyeza."

"Na mausi iko wapi?"

"Mtaalamu hatumii mausi. Mausi ni ya makarani."

Nikabonyeza. Kwenye skrini wakaweka mkanda wa herufi za kijani zinazoteremka, na kila herufi inalia pii. Namba za siri za benki zikajitokeza moja moja kama bisi. Kisha ikaletwa picha ya mtu anakimbia, amepigwa picha kwa nyuma, kutoka juu ya ghorofa ya nane. Nikasema neno langu moja tu la siku ile: "Kuza!" Picha ikakua, ikasafika, ikakua tena, mpaka tukaiona sura ya mwizi ndani ya kioo cha pikipiki, pamoja na kipele kidevuni.

Ilirushwa Jumanne, watu wanakula ugali kwa Jacinta, hotelini kwetu Waafrika. Hoteli nzima ilisimama.

"Kumbe tunaishi na mtu hapa!" akasema Jacinta mwenyewe, mwiko mkononi. "Na anakula maharage kama sisi!"

Hapo ningeweza kusema ukweli. Sikusema uongo pia, naomba iandikwe hivyo. Nilitabasamu tu, nikasema, "Ah, mambo madogo hayo." Dhambi yangu yote iko ndani ya tabasamu hilo.

Jumamosi asubuhi simu ikalia.

"Elinami mwanangu, uko wapi?"

"Shikamoo Mama. Niko bwenini najisomea. Jumatatu nina mtihani wa rangi, nikiukosa ufadhili umekwisha."

"Marahaba. Acha kusoma. Nimeibiwa."

Huyo ni Mama Gaudiosa, mwanamke wa Bukoba mwenye duka Kariakoo, anayekuja hapa Guangzhou kununua mzigo. Wenye vitambaa wa soko la Zhongda wakimwona anakuja huanza kupanga viti, wakijua kupatana bei kutachukua siku nzima. Safari hii alikuwa amebeba jambo kubwa kuliko duka. Parokia ya kwao inatimiza miaka mia, na yeye ndiye aliyepewa kazi ya kuleta vitenge vya jubilei. Kanisa lao limechapwa katikati, na mnara, na kengele. Akina mama elfu moja na mia mbili wanangoja kushona.

"Marobota thelathini niliyaacha godauni mwenyewe kwa macho yangu," akasema. "Kontena limefunguliwa Dar juzi. Kumi na sita yapo. Kumi na manne hayapo!"

"Pole sana, Mama."

"Pole ya nini? Kamera ya godauni imemnasa mwizi. Tatizo sura haionekani. Njoo ukuze."

Ningesema siwezi. Ilikuwa ni neno moja tu. Badala yake nikavaa shati safi.

Ofisi ya godauni ni chumba kidogo chenye kompyuta moja, kalenda moja na birika la chai. Nilimkuta laobani Huang, ndiye bosi wa pale, kajishika kiuno. Mama Gaudiosa alikuwa amekalia kiti pekee. Pembeni alikuwepo Muthoni wa Nairobi, ambaye mzigo wake huenda Mombasa na ulimi wake huenda popote. Na ukutani, bila kofia, alisimama Rotich.

Rotich ni karani wa godauni, kijana wa Eldoret, na ni rafiki yangu. Niliposema habari, aliitikia kwa kichwa, akaangalia chini.

Mezani ilikuwepo karatasi. Ni barua yake ya kazi, ile ambayo bila muhuri wa laobani kila mwaka hana ruhusa ya kukaa China. Muhuri ulikuwa kando ya karatasi, na kifuniko chake kimefungwa.

Laobani akaniongelea kwa Kichina, nami kwa mazoea nikaanza kutafsiri. "Anasema mtu kwenye picha amevaa kofia ya bluu ya godauni. Kofia kama hiyo anayo Rotich. Funguo anazo Rotich. Anasema..." Nikasita.

"Sema tu, bro," akasema Rotich.

"Anasema kama si Rotich, aonyeshwe ni nani, leo. La sivyo meiyou muhuri. Hakuna muhuri."

"Bas, mtaalamu umefika," akasema Muthoni. "Fungua hiyo kitu tumwone huyo mse."

Laobani akabonyeza. Picha iliyofifia rangi, tarehe ya wiki tano nyuma. Marobota yamepangwa mpaka dari, na mtu wa kofia ya bluu ameipa kamera mgongo. Ana kopo la rangi ya kupuliza mkononi. Anapuliza mstari mwekundu kwenye robota moja, anahamia la pili, la tatu, haraka haraka, kama mtu anayekimbizwa. Halafu anageuka kidogo, nusu shavu, na hapo laobani akasimamisha.

Yule mtu nilimtambua kwa mgongo. Mgongo ulikuwa wangu.

Ngoja niwaeleze, na mkitaka kucheka mnicheke kabisa. Wiki tano nyuma Rotich aliugua jino, shavu limevimba, kazi imelala. Marobota ya Mama Gaudiosa yalikuwa yanasubiri kupuliziwa mstari wa kijani kabla ya kupakiwa. Mwanafunzi wa ufadhili haruhusiwi kufanya kazi, wote tunajua, lakini Rotich ndiye aliyenipokea mwaka wa kwanza nilipokuwa sijui hata kuagiza wali. Nikamwambia nenda kang'oe, nitakushikia. Akanipa funguo. Akavua na kofia yake akanivisha mwenyewe, ili rangi isiniingie nywele, kwa kuwa saa sita nilikuwa natakiwa kwenye tamthilia.

Kijani kikaniishia kwenye robota la kumi na sita. Gari la televisheni lilikuwa linapiga honi nje. Nikatazama rafuni, kopo lililokuwepo ni jekundu. Nikajiambia jina la Mama limeandikwa, namba imeandikwa, mji umeandikwa, mstari ni urembo tu. Nikamalizia na jekundu.

Sasa, siku hiyo ya Jumamosi, laobani akawa anaeleza kwa hasira na mimi natafsiri. "Anasema wapakiaji wake hawasomi herufi zetu. Wanasoma rangi. Kijani ni Dar es Salaam, nyekundu ni Mombasa. Anasema mwizi alikuwa anaijua siri hiyo, ndiyo maana akabadilisha mstari, ili mzigo uende kwa wenzake wa Mombasa."

Mwanafunzi wa rangi. Mwaka wa tatu.

"Mimi ndiye wa Mombasa hapa," akasema Muthoni. "Wacha aseme jina langu basi, tumalizane!"

"Hajakutaja," nikasema.

"Na kontena yangu bado imefungwa bandarini, hata mimi sijaiona ndani. Halafu niulize tu, ni mwizi gani ataiba kitenge ya kanisa ya Bukoba? Atauzia nani Mombasa? Hao watu watavaa mnara wa wapi?"

Lilikuwa swali la maana kuliko yote yaliyoulizwa pale, na hakuna aliyelijali, kwa sababu Mama Gaudiosa alikuwa ameshasogeza kiti chake akanipisha mbele ya kompyuta.

"Kaa, mwanangu. Kuza."

Nikakaa. Nikamtazama Rotich. Naye akanitazama, mara moja, kisha akarudisha macho chini. Alikuwa anajua. Kofia ni yake, funguo alinipa yeye, zamu niliishika mimi. Tangu saa tatu asubuhi walikuwa wanamwita mwizi, na jina langu lilikuwa halijamtoka. Angelitaja, chuo kingenirudisha Same kabla ya mtihani wowote.

Mtu mwenye moyo angesimama palepale. Mimi nilishika mausi.

"Mbona mausi?" akasema Muthoni. "Kwa TV ulikuwa unafanya tu hivi, tap tap tap, hata hukuangalia mikono."

Nikabonyeza vitufe vitatu vinne ili kumridhisha. Kompyuta ikalia pii, mlio wa kukataa. Mama Gaudiosa akaitikia kwa kichwa. "Imeanza," akamnong'oneza laobani.

Nikakuza. Kofia ikawa kubwa. Nikakuza tena. Kofia ikawa viboksi. Nikakuza tena, viboksi vikawa vichache na vinene, vya kijivu, vya bluu, vyeusi.

"Sasa bonyeza ile ya kusafisha," akasema Mama.

"Hakuna ya kusafisha, Mama."

"Ipo. Jumanne uliibonyeza."

"Hayo ni matofali," akasema Muthoni. "Unajenga, ama unatafuta mtu?"

Nikawaza, hapa nimepona. Picha haina sura, haiwezi kuwa na sura, watachoka, wataondoka, Rotich atabaki hana hatia kwa kukosa ushahidi, na mimi nitarudi kusoma. Nilianza hata kupumua vizuri.

Ndipo Mama Gaudiosa alipovaa miwani yake, akainama mpaka paji la uso likakaribia kioo.

"Ndiye," akasema.

"Nani?"

"Pua hiyo hapo! Huioni? Hii ni pua, hili ni shavu." Kidole chake kikatembea juu ya viboksi. "Geuka, Rotich. Geuza uso. Eeh! Ndiye huyu huyu! Mungu wangu, na chai yangu umekunywa!"

Laobani akasogea. Naye akaiona pua. Hata mimi, nisiwafiche, nilipotazama mara ya pili niliiona pua. Ukitazama viboksi kwa muda wa kutosha ukiwa na mtu moyoni, utamwona.

Laobani akaichukua ile barua ya Rotich kutoka mezani. Akaishika kwa vidole viwili, juu, mahali ambapo karatasi huanza kuchanwa.

"Ngoja!" nikapiga kelele kwa Kiswahili, nikarudia kwa Kichina. "Laobani, ngoja. Mama, hiyo si pua. Kamera ikishapiga viboksi kumi, ni kumi. Huwezi kupata cha kumi na moja kwa kubonyeza."

"Na ile ya Jumanne?"

"Jumanne ilikuwa ni mchezo. Mimi si mtaalamu. Ile kibodi haikuunganishwa na kitu chochote, Mama, waya wake ulikuwa unaning'inia. Ile sura ya kwenye pikipiki waliipiga siku nyingine, na kipele walimchora."

Mama Gaudiosa akanipigapiga bega kwa huruma ambayo ilinichoma kuliko kofi.

"Unamwonea huruma rafiki yako," akasema. "Una moyo mzuri. Lakini kazi ni kazi."

"Mama, nisikilize. Mtu huyo wa kofia ni mimi."

Muthoni akaangua kicheko. Mama Gaudiosa hakucheka. Machozi yalimlengalenga kwa jinsi nilivyomgusa.

"Mnamwona huyu mtoto?" akasema. "Anajitwisha wizi wa mwenzake. Wazazi wake wamelea."

"Si wizi! Rangi ya kijani iliisha! Mzigo wako haujaibiwa, uko kwenye kontena la Muthoni, uko Mombasa. Rotich alienda kung'oa jino, nikamshikia zamu. Muulizeni mwenyewe!"

Wote wakamgeukia Rotich. Nikajua yamekwisha. Neno lake moja na sote tunajulikana tulivyo.

Rotich akajipapasa shavu, upande ule wa pengo.

"Msimsikize," akasema taratibu. "Huyu ni student, akishikwa anafanya kazi atarudishwa home. Anataka tu kunisaidia. Mimi nitaenda. Hata Eldoret kuna kazi."

Sijui kama mmewahi kuona aibu yenu imesimama mbele yenu na jino moja pungufu. Nilitaka kulia, na nawaambia bila kuficha, kidogo nilie. Mtu niliyemwacha asimame ukutani asubuhi nzima alikuwa ameniwekea mlango wazi nitoke. Kilichobaki ilikuwa nitoke tu.

Laobani akavuta karatasi. Ncha yake ikachanika, kidogo, kama urefu wa ukucha.

Hapo nikakumbuka jambo. Ile picha ilikuwa imesimamishwa. Tangu asubuhi walikuwa wanaitazama mpaka lile nusu shavu, basi, wanaisimamisha na kurudi nyuma. Hakuna aliyeiacha iende mbele. Tamthilia ndizo zilizotufundisha hivyo, kwamba mwizi husimamishwa kisha hukuzwa, na nani aliyekuwa amewafundisha Jumanne iliyopita kama si mimi? Lakini mimi nilikuwa najua kinachokuja baada ya lile shavu. Nilikuwepo.

Kule studio nilibonyeza vitufe mamia, na hakuna hata kimoja kilichogusa maisha ya mtu. Hiki cha kuendeleza mkanda kilikuwa kimoja, na kilikuwa kimeunganishwa.

Nikakibonyeza.

Picha ikarudi kuwa ndogo, ikaanza kwenda. Mtu wa kofia akamaliza robota la mwisho, akaweka kopo chini, akatazama saa. Mlango wa godauni ukafunguka. Akaingia msichana amebeba kisanduku na nguo imening'inia kwenye hanga.

"Huyo naye nani?" akauliza Muthoni.

Msichana akamvua yule mtu kofia. Akafungua kisanduku, akatoa brashi, akaanza kumpaka poda usoni, palepale katikati ya marobota, kwa sababu tulikuwa tumechelewa na gari linapiga honi. Kisha akamvisha koti. Jeupe. Kisha miwani.

Sura ilikuwa ndogo kama njugu na bado ni viboksi. Lakini hakuna aliyeomba ikuzwe. Koti lile na miwani ile wote walikuwa wameviona Jumanne wakila ugali.

Laobani alikuwa wa kwanza kunitazama. Akafuata Muthoni, mdomo wazi. Mama Gaudiosa akavua miwani yake, akaifuta kwa upindo wa kitenge, akaivaa tena, akaitazama skrini mpaka yule mtu wa koti jeupe alipotoka na taa kuzimwa.

"Mwambie laobani ampigie kijana muhuri," akasema.

Nikatafsiri. Kifuniko kikafunguliwa, muhuri ukagonga, na laobani mwenyewe akatafuta gundi akaibandika ile ncha iliyochanika.

Mama Gaudiosa akainuka kutoka pale alipokuwa, akaenda mpaka ukutani. Sijawahi kumwona akimwinamia mtu, si soko la Zhongda, si la Shahe, si popote. Akainamisha kichwa.

"Nisamehe, mwanangu. Niliona pua yako mahali pasipokuwa na pua."

"Iko sawa, Mama," akasema Rotich. Kisha akanigeukia mimi. "Wewe ni mjinga sana. Si nilikuwa nimekufunika?"

Nilijua tu kwamba nilikuwa nimekaa kwenye kile kiti dakika arobaini, na kwamba yeye pia alikuwa amezihesabu.

"Na sasa wewe, mtaalamu," akasema Mama Gaudiosa. Neno hilo lilikuwa limebadilika ladha. "Muthoni, kontena lako linafunguliwa lini?"

"Wednesday."

"Jubilei ni Jumapili inayofuata. Na humo ndani marobota yote yana mstari mwekundu, yako na yangu. Bandarini nani atakayesimama asome jina moja moja, ayatenganishe? Nani anayeyajua kama aliyeyapaka, la kwanza mpaka la kumi na nne?"

Birika la chai lilikuwa linachemka.

"Uliyapaka mwenyewe, utayatoa mwenyewe, na utayafikisha Bukoba mwenyewe. Akina mama elfu moja na mia mbili hawatapanga foleni na magauni ya mwaka jana kwa sababu wewe ulikuwa unapakwa poda." Akanyoosha mkono, kiganja juu. "Ndege yenye nafasi kabla ya Jumatano ni ya kesho. Lete pasipoti."

Nikafungua mdomo kumkumbusha kuhusu Jumatatu. Mtihani wa rangi, saa mbili asubuhi, usio na marudio.

Rotich alikuwa ameichukua kofia yake juu ya meza, anaikung'uta. Ukingoni bado ilikuwa na doa jekundu. Akaivaa, akanitazama kusubiri nitakachosema.

Nikaingiza mkono mfukoni, nikaitoa pasipoti.